Siku Tuliyochelewa Kufika Tawa

Mpendwa Wanjiru, mke wa mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea, kwa sababu Kikuyu changu kiliishia kwenye salamu na Kikamba chako kiliishia jikoni. Huku Mbooni tumeamka na ukungu, lakini sasa jua limetoka na naona mpaka kule chini kwenye mashamba ya maembe. Nimekaa nje ya jikoni na kikombe cha chai. Pikapu ya marehemu mume wangu, Baba Musyoka, iko hapa mbele yangu, nimeiosha mwenyewe.

Juzi baada ya ibada kina mama waliniuliza ni nani alinifundisha kuendesha gari. Wako wengine kati yao ambao wameanza kujifunza, na mmoja anasema kila akifika kwenye mteremko anafumba macho. Nilianza kuwaeleza habari zako tukisubiri chai, nikajikuta nimesimama, mikono iko hewani nazungusha usukani ambao haupo, na chai ikapoa. Wakaniambia niandike yote, nikutumie wewe, na wao wapewe nakala wasome. Ndiyo maana nilikupigia simu kukuomba ruhusa. Kwa hivyo barua hii ni yako, lakini nimeiacha wazi, wapite nayo nyumba kwa nyumba wakitaka.

Unakumbuka ulivyokuja kukaa kwangu? Musyoka alikuwa ametangulia Kanada, na makaratasi yako yalikuwa yamekwama huko yanakokwamia. Ulishuka kutoka kwa bodaboda na begi moja na mfuko wa viazi kutoka kwa mama yako Nyeri. Nilikupokea kwa furaha, lakini moyoni nilijiuliza tutakula nini na tutaongea nini. Wewe muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, ulikuwa ukiuzungusha kwenye sahani kama mtoto. Mimi niliona mukimo wako ni viazi tupu vilivyopondwapondwa. Tulikaa siku nyingi tukiheshimiana mno, kila mtu akimwachia mwenzake kiti kizuri, kama watu wanaosubiri daktari.

Kilichovunja adabu hiyo ni gari hili.

Tangu Baba Musyoka augue na kutuacha, pikapu ilikuwa imefunikwa turubai nyuma ya ghala. Kuku walitaga ndani. Shemeji yangu alikuwa akija mara mojamoja kuiwasha ili betri isife, kisha anaifunika tena, na sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na jambo lingine la kufanya nayo. Asubuhi moja nilikuwa napepeta mbaazi, wewe ukainua turubai ukachungulia.

"Mama, hii gari ni ya nani?"

Nikakwambia ni ya marehemu. Ukauliza tena, polepole, kana kwamba sikukusikia vizuri.

"Sasa hivi ni ya nani?"

Niliuweka ungo wangu chini. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilikuwa nimefundisha watoto wa chekechea maisha yangu yote, nimewafundisha wavulana na wasichana ambao leo wanaendesha mabasi, na bado niliona kwamba usukani ni kitu cha baba wa nyumba. Nikakujibu kwa sauti ndogo kwamba ni yangu. Ukasema basi tuiamshe.

Jioni hiyo, tukimenya viazi vyako, ndipo uliponieleza habari za baba yako na maziwa. Jinsi alivyokuwa akizunguka vilimani huko kwenu kabla ya watu kuamka, njia zimelowa, mikebe imejaa nyuma, na wewe mdogo umekaa kando yake. Ulimwomba miaka mingi akuachie usukani. Hakukuachia mpaka alipohakikisha unajua kulisimamisha gari. Ukaniambia utanifundisha vivyo hivyo: "Kuondoka kila mtu anaweza. Kwanza nitakufundisha kusimama."

Lakini hata kabla ya hapo ulimwita Fundi Mutinda. Yeye ndiye aliyelitunza gari hili wakati wa Baba Musyoka, na alifikiri umemwita kuwasha injini tu. Ukamwambia atoe magurudumu yote. Alikuangalia wewe, akaniangalia mimi, akaanza kutoa. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa iliyosahaulika kwenye sufuria. Pedi za breki zilikuwa zimelika hadi karibu kwenye chuma. Ulinifanya nizishike, iliyochakaa mkono huu na mpya mkono huu, nizipime kwa vidole vyangu mwenyewe. Nilishika ile nyembamba, nikakumbuka mara zote ambazo sisi wote, Musyoka akiwa mtoto, tulikuwa tumepanda pikapu hii kushuka nayo sokoni, tukiimba. Nikaelewa ni kitu gani kilikuwa kikituzuia tusitumbukie bondeni.

Tulijifunzia kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo. Uliweka mabeseni kwenye nyasi, ukaniambia niendeshe polepole na nisimame kabla ya kuyagusa. Hapo ndipo lilipokufa beseni langu la buluu, lile la kuoshea mboga. Nililikanyaga barabara. Siku ya pili kijiji chote kilikuwa na habari, na kina mama wakaja na kazi zao za kusuka vikapu wakakaa kando ya uwanja kama watu waliokuja kwenye michezo. Mama Kyalo, ambaye herufi ya "r" haijawahi kukaa kinywani mwake, alikuwa akinipigia kelele kila nikikaribia beseni: "Kanyaga mbeleki! Mbeleki!" Nawe uliyekuwa ukiita lori "rori" ukamcheka hadi ukakaa chini kwenye nyasi. Naye akakucheka wewe. Nilisimamisha gari ili nicheke vizuri, na nilipotazama mbele, beseni lilikuwa zima, halijaguswa.

Kutoka siku hiyo hukuwa mgeni tena kwangu.

Tulipotoka uwanjani na kuingia barabarani ulinipa kazi nyingine. Ulitaka nitaje kwa sauti kila kitu ninachoona. Ulisema macho yanaweza kulala yakiwa wazi, mtu akatazama barabara na asione. Mara ya kwanza niliona haya, kisha ualimu wangu wa chekechea ukaamka ndani yangu, nikayatia mahadhi. Mbuzi kushoto. Mtoto ana mpira. Bodaboda amebeba godoro. Shimo. Mzee anavuka, hajatuangalia. Shimo lingine. Wewe ulikuwa ukinidakia kibwagizo, "Na sasa utafanya nini?" nami nikajibu napunguza, nangoja, namwachia apite. Watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara walidhani tunatoka kwenye mazoezi ya kwaya.

Na mteremko. Wanjiru, wewe unajua nilivyouogopa mteremko wa kwenda Tawa. Baba Musyoka, Mungu amlaze pema, alikuwa akiushuka gari likiwa frii, bila gia, ili asichome mafuta, na mimi niliyekaa kando yake nilidhani huo ndio ufundi wenyewe. Siku niliyojaribu kukuonyesha ujuzi huo uliniomba nisimame, ukanieleza kwa upole kwamba gari likiwa frii limebaki na breki peke yake, na injini haisaidii. Ukanifundisha kuingiza gia ya pili tukiwa bado juu, kabla barabara haijaanza kuanguka, na kuliacha gari lijizuie lenyewe. Hata hivyo mguu wangu haukutaka kuachia pedali ya breki. Nilikanyaga kutoka juu hadi chini. Tulipofika kwenye uwanda uliniita tuchutame kando ya gurudumu tunuse. Lilikuwa linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

"Breki zimechoka kwa joto," ukasema. "Zikizidi hapo utakanyaga na gari halitasikia."

Tulikaa kwenye jiwe tukala ndizi mpaka zikapoa. Nikakuuliza kama baba yako aliwahi kupata ajali. Ukafikiri kidogo ukasema hapana, na ndiyo sababu hakuna mtu wa kwenu anayejua jinsi alivyokuwa dereva mzuri, kwa sababu hakuna cha kusimulia.

Ulinizoesha pia desturi ya asubuhi, ile ambayo majirani waliiona ni ya ajabu. Kukanyaga pedali kabla ya kuwasha gari na baada ya kuwasha, kusikiliza mguu. Kufungua boneti kuangalia mafuta ya breki yamesimama wapi. Kuinama kuangalia chini ya gari kama pamelowa. Kisha kusogea kidogo tu hapa uani na kusimama, kabla ya kufungua lango. Siku nilipopata leseni ulipiga vigelegele mbele ya maofisa hadi wakatabasamu, na tulirudi nyumbani mimi nikiendesha na wewe umelala usingizi kando yangu. Sikukwambia wakati ule, lakini zawadi kubwa kuliko ile leseni ilikuwa huo usingizi wako.

Halafu makaratasi yakatoka.

Nakumbuka asubuhi hiyo yote. Baba yako, mama yako na shangazi zako walikuwa wametoka Nyeri wakafika Tawa, lakini gari lao la chini lisingeweza kupanda kwetu baada ya ile mvua. Tukakubaliana mimi nikushushe mpaka sokoni, wao wakuchukue hapo wakupeleke uwanja wa ndege. Ulivaa lile gauni la rangi ya maziwa. Masanduku tuliyafunga nyuma kwa kamba. Kina mama walikuwa wamekuja kukuaga na wengine walikuwa tayari wanalia. Nikaomba, nikafunga mlango, nikakanyaga pedali kama ulivyonifundisha.

Ikazama. Haikuenda mpaka chini kabisa, lakini ilikwenda kuliko jana, na ilikuwa laini, kama kukanyaga tope. Nikakanyaga tena. Nikashuka, nikainama, nikaona gurudumu la nyuma upande wa ndani limelowa, na matone kwenye mchanga.

Nilizima gari nikakwambia hatuendi mpaka Mutinda aje.

Simu yako ilikuwa inaita. Ulikuwa umeshaagana na kila mtu, na nadhani moyo wako ulikuwa tayari uko angani. Ulisema twende polepole, ni mteremko mmoja tu, baba yuko chini anangoja, ataliangalia yeye. Nikakwambia ni huo mteremko mmoja. Ulinitazama kwa namna ambayo hukuwahi kunitazama, na sauti yako ikashuka.

"Mama, unatafuta sababu. Hutaki niende."

Sikuweza kusema si kweli. Usiku kucha nilikuwa nimelala nikisikiliza mvua na kutamani inyeshe mpaka njia zifungwe. Sikuwa tayari kurudi kupika chakula cha mtu mmoja. Lakini nilikuwa nimeshika ile pedi nyembamba kwa vidole vyangu, na nilijua tofauti.

"Sitaki uende," nikakujibu. "Hiyo ni kweli. Na breki ni mbovu, hiyo pia ni kweli. Njoo uangalie."

Ulishuka na gauni lako. Ukapiga magoti kwenye mchanga wenye unyevu, ukapitisha kidole ndani ya gurudumu, ukakinusa. Kisha ukainuka, ukampigia baba yako, ukaongea naye Kikuyu. Sikuelewa maneno, ila nilisikia "breki". Uliponigeukia macho yako yalikuwa yamejaa machozi na ulikuwa unacheka kwa wakati mmoja. Ulisema baba amekukataza usisogee hata hatua moja, na kwamba wao watangoja hapo Tawa hata kama ndege itaondoka bila wewe.

Mutinda alikuja na pikipiki yake. Bomba dogo la mpira linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu lile lilikuwa limesuguana na chuma hadi likapasuka. Alisema lingevumilia uwanjani, lingevumilia hata hapa juu kijijini, lakini lisingevumilia mguu wenye uzito katikati ya mteremko. Akarudi dukani kutafuta bomba jipya, na kwa bahati akalipata. Alipokuwa anatoa hewa kwenye mabomba ni wewe uliyepanda ukakaa kwenye kiti cha dereva na gauni lako la safari, lenye madoa mawili ya matope magotini, ukawa unamfuata. "Kanyaga." Unakanyaga. "Shikilia." Unashikilia. "Achia." Mimi nilikuwa kwenye boneti na chupa, namiminia mafuta mapya. Kina mama waliacha kulia wakaanza kuimba, kwa sababu walichoka kungoja, na Mama Kyalo akaleta uji. Ukiniuliza leo ni picha gani ya kwetu sisi wawili ninayoiona nikifumba macho, ni hiyo. Hakuna aliyeipiga.

Pedali ilipopanda ikawa ngumu chini ya mguu, nilisogea uani nikasimama, nikasogea nikasimama, na tukatoka.

Gia ya pili, dirisha wazi, wewe umeshika pochi yako magotini. Nilikuwa nataja mambo kwa sauti ya chini, nusu kuimba, zaidi kwa kujituliza. Mwanamke na kuni. Ng'ombe, amefungwa. Matawi.

Matawi mabichi yalikuwa yametandazwa barabarani kabla ya ile kona ya mikaratusi, na wewe unajua huku kwetu hiyo maana yake kuna gari limekwama mbele. Nilipunguza zaidi. Tukaingia kwenye kona taratibu sana, na hapo lilikuwepo lori la kabichi limeziba upande wake wote, watu wanashusha mizigo. Na kutoka nyuma ya lori, upande wetu, ikachomoza pikipiki inapanda kwa kasi, dereva na mama mmoja na watoto wawili wa shule katikati yao.

Nilikanyaga. Gari lilisikia. Lilisimama wima, bila kuyumba, masanduku yako yakagonga bati nyuma ya vichwa vyetu. Pikipiki ikapinda, ikapita kando yangu karibu sana, leso ya yule mama ikapangusa kioo cha pembeni. Naye, Wanjiru, unakumbuka, alinisalimia. Alinisalimia kwa Kikamba kama watu wanaopishana njiani, akaniuliza tumeshindaje, watoto wakanipungia mkono, wakaendelea kupanda. Kwake hakuna kilichokuwa kimetokea.

Nilivuta breki ya mkono. Wewe ulikuwa umeshika dashibodi. Tulitazamana, na ni wewe uliyeanza.

"Ametuuliza tumeshindaje," ukasema.

Tukacheka, tukacheka mpaka watu wa kabichi wakaacha kazi kututazama. Kisha ukaegemea bega langu ukalia kidogo, ukasema neno moja, "Mwaitu," vile Musyoka anavyoniita. Ulikuwa umenizoea kama Mama, lakini hukuwa umewahi kuniita hivyo kwa Kikamba. Watu wa kabichi walitupa nafasi, wakatuelekeza, na mmoja wao akatutupia kabichi mbili nyuma, sijui kwa nini. Labda walifurahi kwamba kuna mtu amefurahi.

Tulifika Tawa sokoni tumechelewa sana. Ndugu zako walikuwa wamesimama kando ya barabara, mama yako amefunga mikono kichwani. Baba yako hakuja kwako kwanza. Aliizunguka pikapu, akainama kwenye lile gurudumu, akagusa bomba jipya. Kisha akaja kwenye dirisha langu, akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kunicheleweshea mtoto," akaniambia.

Tuliomba pale sokoni, katikati ya magunia ya maharagwe, kwa lugha tatu. Shangazi zako waliimba, na wauza nyanya ambao hawakuwajua wakaitikia. Ndege hukuikosa. Mimi nilipanda kurudi nyumbani peke yangu na kabichi mbili, nikiimba kwa sauti kubwa ili nisilie, na nilipofika nyumbani niligundua kwamba sikuwa nimeogopa mlima hata kidogo.

Sasa nikueleze ninavyoishi. Gari hili halipumziki. Ijumaa nabeba parachichi za kikundi chetu mpaka Sultan Hamud, na wenye maduka pale wananijua kwa jina. Mwezi uliopita tuliwachukua kina mama wawili wazee tukaenda nao Kambu kumwona dada yao aliyejifungua mapacha wa wajukuu, yaani binti yake ndiye aliyejifungua, lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani ni yeye. Tuliingia kwenye barabara ya Mombasa na malori yake. Simu yangu nilikuwa nimeitia kwenye mkoba wa Mama Kyalo na kumkataza asinipe hata ikiita. Nilimwachia lori lililo mbele nafasi kubwa, na kila gari lililokuja likaingia katikati yetu nikarudi nyuma tena kidogo. Wale wazee waliniuliza kwa nini naachia watu wote watupite. Nikawaambia tunakwenda kuona watoto, na watoto hawaondoki.

Tulipofika nikawasikia wakisimulia safari. Walizungumza juu ya ndovu wa mbali ambao walidai wamewaona, na soda, na uzuri wa barabara. Hakuna hata mmoja aliyetaja dereva. Nilifurahi sana.

Na kabla ya safari yoyote sasa hawaniachi niondoke hivihivi. Tukimaliza kuomba, Mama Kyalo anafungua jicho moja na kuniuliza kama nimepima mbeleki. Mchungaji alicheka siku ya kwanza. Siku hizi gari la kanisa nalo hupimwa kabla ya watoto wa Sunday school kupanda.

Nimefika kwenye lile jambo ulilonieleza mwishoni mwa simu yetu. Ulisema nalo niliandike, ili kina mama wanaojifunza wajue kwamba mwalimu wangu naye huogopa. Basi nitaliandika.

Ulisema kwamba wakati wa baridi gari lenu liliteleza kwenye barafu. Ulikanyaga breki na halikusikia. Likazunguka, likaegemea rundo la theluji, na hakuna aliyeumia, hata mtoto hakuamka. Lakini tangu siku hiyo funguo ziko kwenye msumari nyuma ya mlango. Musyoka ndiye anayeendesha. Akiwa kazini wewe unambeba Ndinda, mjukuu wangu mwenye jina langu, unasimama naye kwenye baridi ukingoja basi. Ukaniambia, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba labda wewe hukuwa dereva, ulikuwa binti wa dereva tu.

Mwanangu, mimi theluji siijui. Nilimwuliza Mutinda, naye hajui, alisema barafu anayoijua yeye ni ya kuwekea samaki. Siwezi kukufundisha barabara ya huko. Lakini najua mtu aliyemkuta mwanamke wa umri wangu amekaa na ungo karibu na gari lililofunikwa, na hakumcheka. Alimpeleka mahali patupu, akaweka mabeseni, akamwambia waanze na kusimama. Musyoka ananiambia huko kuna uwanja mkubwa wa kuegesha magari ambao hauna mtu Jumamosi asubuhi. Ananiambia kuna magurudumu maalumu ya majira hayo, na watu wanaojua kufundisha barafu. Ananiambia huko wanaanza kupunguza mwendo mbali sana kabla ya kona, na wanakanyaga polepole, kama mtu anayempitia mtoto aliyelala. Hayo yote ni mambo unayoyajua wewe kuliko sisi. Ni ardhi tu iliyobadilika.

Kuogopa uendelee kuogopa kidogo. Sitakuambia uache. Mimi kila asubuhi nikikanyaga ile pedali naogopa kidogo, halafu inanijibu, halafu nafungua lango.

Nina furaha, Wanjiru. Nataka uijue hiyo furaha ilivyo. Ni ya mtu anayeamka, akaamua anakwenda Tawa, na akaenda. Uliniletea wewe, kwenye begi moja na mfuko wa viazi, na sitaki wewe uikose ukiwa umesimama kwenye kituo cha basi.

Na sasa habari ambayo sikukwambia kwenye simu, kwa sababu nilitaka uisome. Viza yangu imetoka. Nakuja kabla theluji haijaanza, nikae na mjukuu wangu mpaka mnichoke. Kina mama wamenishonea koti ambalo naamini linaweza kusimama lenyewe. Musyoka ameniandikia kwamba atakuja kunipokea uwanja wa ndege, nami nimemjibu hapana. Nimemwambia nitatoka pale na sanduku langu na nitamtafuta mtu mmoja tu, mwanamke wa Nyeri aliyeshika funguo za gari mkononi, na kama hayupo nitakaa kwenye benchi mpaka aje. Musyoka yeye abaki nyumbani atupikie.

Nakutakia amani na barabara iliyonyooka, mpaka tukumbatiane,

Mwaitu wako, mama mkwe,
Ndinda mkubwa